Sanduku Fupi la Marehemu Speciose

Mimi kwa kuficha vitu sina mpinzani. Kuanzia Murongo mpaka Kayanga hajazaliwa mwanamke anayeweza kuficha kitu kama mimi.

Isipokuwa kile nilichokificha mwaka 1978.

Hicho watu arobaini walikaa siku tatu wakikililia. Mmoja alinyoa nywele kwa ajili yake. Katekista akakiombea kipokelewe mbinguni.

Kitu chenyewe kilikuwa cherehani.

Msicheke kwanza. Kaeni vizuri niwaeleze.

Wakati huo Kyerwa haijawa wilaya, sote tulikuwa Karagwe. Mimi Kokwijuka nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa na Projest, tunakaa karibu na mpaka wa Uganda, katika kibanja kimoja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, pamoja na mama yake, Kokugonza.

Miaka sita ya ndoa. Tumbo kimya.

Kwa miaka miwili ya mwanzo mama mkwe hakuwahi kulitamka jina langu. Aliniita "yule". Mwambieni yule alete maji. Yule amelala mpaka saa hizi?

Halafu mama yangu mzazi akafariki, akaniachia cherehani yake. Alifundishwa kushona na masista, naye akanifundisha mimi. Nikaileta kwa mume wangu, nikamshonea mama mkwe gauni la Krismasi lenye mikono ya kuvimba.

Alipotoka nalo kanisani, kila mwanamke anamuuliza fundi ni nani.

"Ni Kokwijuka wangu," akasema.

Wangu! Nusura nizimie.

Basi nikajua. Cherehani ikiwepo, mimi ni Kokwijuka. Ikipotea, narudi kuwa "yule". Na "yule" asiye na mtoto, siku yoyote anaweza kufungiwa nguo zake kwenye khanga akaonyeshwa njia ya kwao.

Kwa hiyo vita ilipoanza, wengine waliogopa risasi. Mimi niliogopea cherehani.

Ilikuwa Oktoba inakwisha. Tukasikia majeshi ya nduli wa Uganda yameingia upande wa Missenyi. Sisi huku Uganda tunaiona kwa macho, mto tu umekatiza katikati. Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano: kila mtu ajiandae, tunakwenda ndani, mbali na mpaka.

Sisi tulikuwa na ndugu Chonyonyo. Siku nne za miguu.

Baiskeli ilikuwa moja, na hiyo ilikuwa ya mama mkwe, maana mguu wake mmoja ulikuwa haufai. Kichwani kwangu kulikuwa na sufuria, unga na mikeka. Kwa cherehani nafasi hakuna. Ile meza yake ya chuma ya kukanyaga niliitupa katikati ya mikahawa shambani, atakayeiba aibe. Lakini kichwa chenyewe, ile mashine, nilijaribu kujitwika. Nikafika kisimani tu, shingo ikaingia mabegani.

Basi tukaanza kutafuta pa kuiweka. Mimi na Projest, mchana kutwa.

Tukaanza na ghala la parokia. Tukakuta vitanda, baiskeli, magunia, milango, mpaka kuku wa mtu wamefungwa miguu, vyote vimepangwa hadi darini. Katekista Anatory amesimama mlangoni na daftari.

"Mama Kokwijuka, leta, nitakuandikia namba."

Nikachungulia. Bati jipya linang'aa. Nikamuuliza, "Katekista, ndege ikipita juu, si itaona hili bati kabla ya kitu kingine chochote?"

Akalitazama bati. Sidhani kama alilala vizuri tena wiki ile.

Tukaenda ghala la kahawa. Lile lilikuwa na kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Projest akalipenda.

"Hapa ndipo," akasema.

"Projest, kufuli kama hili linamwambia mwizi kitu gani?"

"Linamwambia pamefungwa."

"Linamwambia pana kitu."

Akaliachia kufuli, tukaendelea.

Likabaki shimo la kuivishia ndizi. Kila kibanja kwetu kina shimo lake. Unachoma moto ndani lipate joto, unapanga ndizi za pombe, unafunika kwa majani na udongo, baada ya siku chache zimeiva. Kijiji kizima kilikuwa kinaficha vitu humo. Redio, vyombo, mabati yaliyong'olewa, vyote shimoni.

"Na sisi tutie humo," Projest akasema, amechoka.

"Wale wa ng'ambo ya mto wanaivishaje ndizi zao?"

"Kama sisi."

"Basi wakivuka wataanza kuchimba wapi?"

Akakaa chini. "Sasa unataka iwekwe wapi, mwanamke? Mbinguni?"

Na hapo ndipo akili yangu, hii hii mnayoiona, ikafanya kazi kupita kiasi.

"Kaburini," nikasema.

Projest akanitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mgonjwa.

"Kwetu tunazikana kibanjani, sivyo? Tukichimba kaburi hapo kwenye migomba, tukaweka na msalaba, nani atalifukua? Askari atafukua maiti? Mwizi je?"

"Amekufa nani?"

"Hajafa mtu."

"Na watu wakiuliza?"

"Watu gani? Keshokutwa hapa hatakuwepo mtu."

Jamani, niliwahesabu wezi wote. Nikawahesabu askari wa kule na wa huku. Majirani zangu nikawasahau.

Niliiandaa ile mashine kama bibi harusi. Nikaipaka samli kila mahali isishike kutu. Sindano nikazichomeka kwenye kipande cha sabuni. Nikaifunga kwa maganda makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, halafu mfuko wa nailoni wa mbolea. Chini ya sanduku nikamwaga majivu, mchwa wasione njia.

Sanduku Projest alilitengeneza kwa mbao za mlango wa jikoni. Lilitoka fupi. Mlango ulikuwa mfupi, angefanyaje?

Kesho yake saa sita, watu wote, mama mkwe akiwemo, wako kwenye mkutano wa mwisho wa mwenyekiti, sisi wawili tukachimba, tukatia, tukafukia. Projest akafunga vijiti viwili vikawa msalaba, akaenda mtoni kuoga.

Mimi nikabaki naufuta udongo kwenye jembe.

"Kokwijuka! Nimekuja kuaga mwana—"

Bibi Kemilembe. Jirani yetu, mjane, mzee wa watu.

Akaona msalaba. Akaona udongo mbichi. Akaniona na jembe.

"Nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nikafungua mdomo. Sikuwa nimepanga kitu. Kikatoka chenyewe.

"Speciose."

"Speciose yupi?"

"Mama mmoja wa Burundi. Alikuja juzi kuomba kibarua cha kuchuma kahawa. Akalala kwenye kibanda kile. Homa ikampata... ndio hivyo."

"Na ndugu zake?"

"Hakuwa na mtu."

Kemilembe akaweka mikono kichwani. Halafu akapiga ukunga ambao naamini ulivuka mto.

Mnajua maana ya ukunga kwetu. Ukishapigwa, jembe linawekwa chini. Mtu aliyekuwa anafunga mzigo anaufungua. Nusu saa haikupita, kibanja changu kimejaa.

Wakaja na ndizi. Wakaja na kuni. Wanaume wakatandika majani wakakaa. Anatory akaja na kitabu chake cha sala. Projest akarudi kutoka mtoni, taulo begani, akakuta ana msiba.

Nilimkonyeza. Akaelewa nusu, akaanza kulia. Projest alikuwa anajua kulia yule, sikatai.

Mama mkwe akanivuta pembeni.

"Mbona mimi huyo mgeni sikumwona?"

"Alikuwa mpole, mama."

"Wala kukohoa sikumsikia."

"Mpole sana, mama."

Akanitazama muda mrefu, akaenda kukaa na wenzake.

Anatory akataka kujua alikuwa mrefu kiasi gani, maana kaburi ameliona dogo. Nikamwambia alikuwa mfupi. Akauliza alibatizwa? Hapo nikaongeza chumvi ambayo mpaka leo inanikereketa kooni. Nikasema, "Alikufa anaomba ubatizo, Katekista."

Yule baba wa watu akatokwa na machozi ya kweli.

Nikasema sasa wataondoka. Wameshaomba, wameshalia, jioni wataondoka, kesho safari.

Anatory akasimama. "Ndugu zangu, marehemu ni mgeni, hana ukoo hapa. Ukoo wake ni sisi. Hatutaondoka tukamwacha kabla ya matanga kwisha. Siku tatu."

Siku tatu!

Mzinga wa kwanza tuliusikia asubuhi ya siku ya pili. Mbali, upande wa mashariki. Kama mtu anayedondosha magunia ya kahawa kutoka kwenye lori. Du. Halafu kimya. Du.

Barabarani watu wa vijiji vingine wanapita, mbuzi, watoto, magodoro. Wanatupigia kelele, "Nyie mnangoja nini?"

"Tuna msiba!"

Nilikuwa nakoroga uji wa msiba. Nikawa nawahesabu. Kemilembe. Anatory na mkewe mjamzito. Wazee, watoto wachanga migongoni. Arobaini. Bomu moja tu likikosea njia, watu arobaini wanakufa wanalilia cherehani yangu.

Nikamfuata Projest nyuma ya jiko. "Tuwaambie."

"Uwaambie nini?"

"Ukweli."

"Haya, nenda. Waambie. Halafu mama yangu aseme nini? Wewe humjui mama yangu?"

Nilimjua. Nikarudi kwenye uji.

Siku ya tatu Kemilembe akatoka ndani ya nyumba yangu amenyoa kichwa. Kinang'aa, kina mikwaruzo ya wembe. Kwetu anayenyoa ni wa ukoo.

"Bibi, umefanya nini?"

"Mwanangu, hana mtu," akasema. "Mtu azikwe bila hata mmoja wa kumnyolea? Nimenyoa mimi."

Nikaenda migombani nikatapika.

Mchana ule tukaondoka wote, mzinga unatusindikiza kwa nyuma. Mungu ni mwema, hakuna aliyedhurika. Hata mke wa Anatory alijifungua salama huko tulikofikia.

Chonyonyo tulikaa miezi minne. Mimi kila siku nawaza unyevu, mchwa, kutu. Projest yeye alikuwa anawaza vita. Karibu kila wiki anapanda baiskeli kwenda Kayanga, eti kusikiliza habari kwenye redio.

"Redio si ipo hapa kwa jirani?"

"Ya Kayanga inashika vizuri."

Mwanamke mwenye akili angejiuliza. Mimi akili yangu yote niliiacha shimoni.

Machi tukarudi. Nyumba ipo, mlango umevunjwa. Mashimo ya ndizi ya kijiji kizima yamefukuliwa, hakuna redio, hakuna sufuria. Nani alifukua, wa kule au wa huku, hilo tuliache.

Kaburi la Speciose halikuguswa hata jani.

Nilitaka kucheka, nilitaka kucheza. Lakini ningeitoaje? Maana Kemilembe alikuwa anakuja kila asubuhi kufagia pale. Anatory ametangaza misa ya kumwombea marehemu. Kila nikishika jembe, mtu huyo, "Pole mama, unapalilia kaburi? Mungu akubariki."

Nikasema nitangoja wachoke.

Wiki ya pili, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, kimeumana.

Akaja mwanamume mmoja mwenye suruali ya kaki. Begani jembe na mkeka mpya. Nyuma yake Anatory, na nyuma ya Anatory nusu ya kijiji.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba, baba."

Akamgeukia mume wangu. "Habari yako bwana. Samahani, sikujui jina."

"Projest," Projest akajibu, anatazama chini.

"Mimi naitwa Ildefonsi. Nimetoka Kanoni, lakini asili yetu Burundi." Akavuta pumzi. "Nimesikia ninyi ndio mliomzika dada yangu. Speciose."



Nyie, mnaelewa? Mtu niliyemtunga mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa na jembe mkononi, ana kaka!

Akaanguka kwenye msalaba akalia. Kemilembe akamshika mgongo, naye akalia. Wanawake wakaitikia. Anatory akatoa barua, ina mhuri, akaisoma: ndugu wanaomba wapewe mwili wa marehemu wakauzike kwao Kanoni, pamoja na wazazi.

"Ni haki yake," watu wakasema.

"Apewe."

"Kwa kweli huyu dada alikuwa na mtu!" Kemilembe akasema, uso umechanua. "Alikuwa na mtu!"

Na mimi? Niseme nini? Niseme huyu bwana ni mwongo? Nimejuaje? Kwa sababu Speciose hayupo. Na najuaje kwamba Speciose hayupo? Mtego wenyewe nilijenga mimi, udongo nilichimba mimi.

Nikajaribu. "Baba, tufungue basi kwanza sanduku, tumuage."

Ildefonsi akainua uso. Machozi yanatiririka, macho makavu. Msiniulize inawezekanaje, mimi niliyaona.

"Kwetu sanduku la marehemu halifunguliwi, mama. Linabebwa hivyo hivyo."

Hivyo hivyo! Alitwae limefungwa, mbele ya kijiji kizima, na mimi nimsindikize kwa nyimbo.

Wakaanza kuchimba. Wanaume wanne. Nikamtazama Projest anisaidie. Projest anatazama migomba kama vile ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

Jembe likagonga mbao.

"Polepole," Ildefonsi akasema. "Polepole jamani, asije akaumia."

Asije akaumia! Au isije ikavunjika? Nikamtazama vizuri. Huyu mtu anajua. Huyu anajua kabisa kilichomo.

Lakini nilihitaji kuhakikisha. Nikajiambia, Kokwijuka, uongo ulikuingiza humu, labda mwingine utakutoa.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Subirini jamani, msishike kwa mikono!"

Wakasimama.

"Sikutaka kuwatisha siku ile. Lakini siwezi kuwaacha mguse. Marehemu hakufa kwa homa." Nikashusha sauti. "Alihara na kutapika siku nzima. Maji matupu. Kama maji ya mchele."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa jina la ugonjwa. Miaka ile kipindupindu kilikuwa kimetuzungukia, tumewekewa vizuizi barabarani, tumepigwa marufuku kushikana mikono misibani.

Wale wanne waliruka kutoka shimoni kama vyura. Anatory nilimwona kwenye mikahawa, mbali, anajifuta mikono kwenye nyasi. Kemilembe akavutwa na wanawake. Mama mkwe, na mguu wake ule mbovu, alinipita.

Pakabaki uwanja mtupu. Kaburi wazi, na Ildefonsi.

Hakurudi hata hatua moja.

"Dada ni dada," akasema. Akashuka shimoni, akakumbatia sanduku kwa mikono yote miwili.

Nikasema, haya, labda ni upendo. Kuna watu wana moyo.

Akalisukuma juu. Zito. Likapanda ukingoni, likaanza kurudi. Akalizuia kwa bega, mishipa ya shingo imesimama.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Shemeji, shika huku, linaniangukia!"

Na Projest akakimbia akashika.

Projest! Mwanamume ambaye kuku akipiga chafya anahama chumba! Akaliparamia sanduku la kipindupindu kwa mikono mitupu, shavu ameliegemeza kwenye mbao, wanavuta pamoja, moja, mbili, tatu.



Asiyeogopa maiti ni yule anayejua kwamba hakuna maiti. Na duniani tuliokuwa tunajua ni wawili. Mimi sikumwambia mtu.

Kayanga. Redio inayoshika vizuri.

Jamani, nikaona mpango wote kama umetandikwa mkekani. Cherehani itoke nyumbani mwangu mchana kweupe, mwenyewe nikiangalia, na nisiweze kufungua mdomo. Kelele nikipiga, naumbuka mimi. Hata mimi, fundi wa kuficha, nilikiri moyoni kwamba kazi ile ilikuwa nzuri.

Wakaliweka sanduku juu ya majani. Ildefonsi akaanza kulifunga kwa mkeka.

Nilikuwa na dakika moja. Ninyamaze, nibaki na heshima, cherehani iende. Au nifungue, cherehani ibaki, na kila mtu aliyelia hapa anione nilivyo.

Nilimtazama Kemilembe kule mbali. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe, fupi fupi.

Nikachukua jembe. Nikaenda. Nikalikalia lile sanduku.

"Mama, unafanya nini?" Ildefonsi akauliza.

"Namuaga," nikasema. Nikainuka, nikaingiza ncha ya jembe kwenye mbao, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Misumari ikalia. Kifuniko kikaruka.

Watu wakapiga ukunga, wakaziba pua.

Nikachana nailoni. Nikachana maganda. Jua likaipiga ile samli.

Ilikuwa inang'aa, nawaambia. Haina doa. Hata kutu ya kusingizia haina.

Wakaanza kusogea mmoja mmoja. Kemilembe akafika wa kwanza, akainama, akatazama kwa muda.

"Nilinyoa," akasema taratibu, "kwa ajili ya cherehani?"

Nilipiga magoti. Nikalia, na hicho kilikuwa kilio cha kwanza cha kweli kwenye kaburi lile.

Anatory akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Kokwijuka. Uliniambia alikufa anaomba ubatizo."

"Katekista, kwa hali ilivyokuwa, hata yeye angeomba."

Kuna mtu alicheka nyuma. Mmoja tu. Halafu akatulia.

Adhabu yangu niliitumikia. Niliwapikia wote arobaini, nikatoa pombe, nikashona mashati ya kwaya nzima, na Kemilembe nilimshonea nguo mpaka alipoingia kaburini, kaburi la kweli. Alinisamehe. Ilimchukua miaka miwili, na hakunificha kwamba inamchukua.

Funzo langu ninalitoa sasa hivi, kwa sababu yaliyobaki siwezi kuyasimulia nikiwa na uso wa kufundisha mtu. Mkihama, mkitafuta pa kuweka vitu, msiangalie kufuli, msiangalie bati, msiangalie kina cha shimo. Angalieni ni nani mwingine anayejua. Hiyo ndiyo stoo yenyewe. Na uongo usiuchimbie kwenye shimo ambalo wenzako watakuja kulipigia magoti, maana siku ya kuufukua utafukua na wao.

Hayo ndiyo niliyojifunza.

Lakini siku ile, nikiwa bado magotini, nimefumba macho nangoja mama mkwe aniite "yule" mbele ya watu, sikusikia kitu. Nikafumbua jicho moja.

Hakuwa ananitazama mimi.

Ildefonsi alikuwa ameshakula kona na mkeka wake, keshafika barabarani. Kokugonza amesimama na fimbo yake mbele ya mwanawe wa kumzaa.

"Projest."

"Naam, mama."

"Yule bwana alipofika alisema hakujui jina."

"Ndiyo, mama. Sijawahi kumwona."

"Lilipomzidi sanduku, alikuitaje?"

"Alipiga kelele tu, mama. Mtu akizidiwa anasema chochote."

"Alikuita shemeji. Sote tumesikia. Na wewe ukaitika kwa miguu." Akapiga fimbo chini. "Shemeji anapatikana kwa dada wa mtu. Huyo wa kaburini tumeshamwona ni chuma. Sasa nakuuliza mbele ya watu hawa, ana dada mwingine?"

Projest akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani, akatutazama wote kwa yale macho yake ya msibani.

"Mama, naapa mbele ya Mungu na mbele ya Katekista. Mimi huyo Therese wa Kayanga simjui kabisa."

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja Therese.